Kubadili Mkono Mpakani

Kasumbalesa, mji wa mpakani ulio kama kilomita 90 kutoka Lubumbashi katika mkoa wa Haut-Katanga, hauna bahari wala bandari, na mkazi wake anayetaka kuiona meli kubwa ya mizigo hana budi kusafiri kama kilomita 2,000, akivuka Zambia na kuingia Tanzania kwa mpaka wa Tunduma, hadi afike Dar es Salaam. Hata hivyo ni miji michache ya bara inayoitegemea meli kama mji huu, kwa sababu mabamba ya shaba na magunia makubwa ya kobalti kutoka Kolwezi, Likasi na Lubumbashi hupita hapa juu ya malori, ambayo wenyeji huyaita makamiyo, yakielekea bandari za Dar es Salaam, Beira, Durban na Walvis Bay, na malori hayohayo hurudi na mafuta, unga, salfa na mitambo ya migodini. Foleni yao hufika kilomita kadhaa, na dereva aliyeizoea hubeba jiko, sufuria na subira.

Mpaka huu una jambo jingine linaloufanya ufae kuanzia sura inayohusu meli. Nchini Kongo magari hupita mkono wa kulia, nchini Zambia hupita mkono wa kushoto, kwa hiyo mahali fulani kati ya kizuizi cha nchi moja na kizuizi cha nchi ya pili kila lori lazima liache mkono mmoja na kushika mwingine. Lori lililotengenezewa barabara za Zambia au Tanzania, lenye usukani upande wa kulia, likiingia Kongo linamweka dereva kwenye ukingo wa barabara badala ya katikati yake, hivi kwamba akitaka kulipita gari lililo mbele hawezi kuona kinachokuja mpaka awe ametoa karibu nusu ya kichwa cha lori njiani. Anayeona ni utingo aliyeketi kushoto, na kazi ya kupita gari hugeuka kuwa mazungumzo: bado, bado, kuna basi, sasa.

Hakuna kati ya mikono hiyo miwili iliyo sahihi kwa asili. Kulia kwa Kongo na kushoto kwa Zambia ni makubaliano, na kila mkono unatosha maadamu wote walio barabarani wanaujua, na kila mmoja anajua kwamba mwenzake anaujua. Hatari iko katika zile mita chache ambamo makubaliano ya upande mmoja yamekwisha na ya upande wa pili hayajashika. Hoja ya sura hii ni kwamba ndivyo ilivyo pia baharini, na kwamba meli zinazojiendesha, yaani meli ambazo kompyuta ndiyo inayoamua mwendo na mwelekeo wake badala ya nahodha aliye chomboni, zinakuja na mipaka mipya ya namna hiyo, mingi kuliko ile ambayo mabaharia wamejifunza kuivuka kwa muda wa karne mbili.

Baharini mkono ulichaguliwa mapema, nao ni wa kulia. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1846 iliziagiza meli za mvuke zinazokutana katika njia nyembamba zishike upande wa kulia, ili kila moja imwache mwenzake kushotoni. Mkutano wa Washington wa mwaka 1889 ukaandaa kanuni za mataifa mengi. Na baada ya kufumuliwa na kushonwa upya mara kadhaa zikapatikana Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizopitishwa tarehe 20 Oktoba 1972 chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lenye makao yake London, na kuanza kutumika tarehe 15 Julai 1977. Inachekesha kidogo kwamba Waingereza, walioziacha barabara za Zambia, Kenya na Tanzania mkono wa kushoto, ndio hao waliotangulia kuiweka bahari mkono wa kulia.

Kanuni hizo hugawa makutano ya vyombo viwili vya injini vinavyoonana kwa macho katika hali tatu. Vikija uso kwa uso, vyote viwili hugeuka kulia. Vikikatishana njia, kile ambacho mwenzake yuko upande wake wa kulia ndicho kinachopisha, nacho kijiepushe, hali ikiruhusu, na kukatiza mbele ya mwenzake. Kimoja kikikipita kingine kutoka nyuma, kinachopita ndicho kinachopisha hadi kiwe kimekwisha kupita na kuwa mbali, na hiyo "nyuma" imepimwa kabisa: huanza nyuzi 22.5 kupita mstari wa ubavu kuelekea tezi, eneo ambalo usiku mtu huona taa nyeupe ya tezini bila kuona taa za ubavuni. Taa hizo za ubavuni, nyekundu kushoto na kijani kulia, ni lugha kamili kwa anayezisoma. Nahodha akiona mbele yake nyekundu na kijani kwa pamoja anajua kwamba omo ya meli ile imemwelekea yeye. Moja ikizimika machoni pake, meli imeanza kugeuka. Na chombo kinachomkatiza kutoka kulia humwonyesha ubavu wake wa kushoto, yaani taa nyekundu, ambayo kwa bahati njema humwambia lilelile ambalo taa nyekundu ya barabarani humwambia dereva.

Hatari yenyewe hupimwa kwa njia ambayo ni kongwe kuliko rada. Mlinzi wa zamu hukiangalia chombo kinachokuja na kusoma kwenye dira mwelekeo wake, tuseme nyuzi 60, kisha husubiri dakika chache na kusoma tena. Mwelekeo ukiwa umebadilika sana, chombo kile kitapita mbele au nyuma yake. Ukibaki nyuzi 60 ilhali umbali unapungua, vyombo hivyo viwili viko njiani kukutana katika nukta moja, hata kama kwa macho ya abiria chombo cha pili kinaonekana kama kimesimama palepale kikizidi tu kuwa kikubwa. Rada ya leo hufanya hesabu hiyohiyo na kumpa mlinzi tarakimu mbili: umbali wa karibu kabisa ambao vyombo vitafikiana endapo hakuna atakayebadili mwendo, na dakika zilizobaki kabla ya kufika hapo. Hadi hapa kompyuta haina shida yoyote, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi iliyoumbiwa.

Shida huanza pale kanuni zinapoacha tarakimu. Kanuni ya 6 inataka "kasi salama" lakini haisemi noti ngapi. Kanuni ya 8 inataka hatua ya kuepuka mgongano ichukuliwe mapema, bila kusema dakika ngapi, na iwe kubwa kiasi cha kuonekana na chombo kingine kwa urahisi, bila kusema nyuzi ngapi. Kanuni ya 2, iliyo mama wa zote, haimsamehe yeyote aliyepuuza tahadhari ambazo desturi ya kawaida ya mabaharia ingezidai, na inaruhusu hata kuziacha kanuni zenyewe pale ambapo kuzifuata kungeleta hatari ya papo hapo. Waandishi wa mwaka 1972 hawakuwa wavivu. Walijua kwamba maili 1 ni nyingi katika mlango wa bandari na ni chache katikati ya Bahari ya Hindi usiku wa mawimbi, wakamwachia nahodha kazi ya kupima, kwa imani kwamba upande wa pili kuna nahodha mwingine aliyelelewa katika desturi ileile.

Mhandisi anayeandika programu ya meli hana pa kuweka imani hiyo. Njia mojawapo anayoitumia ni kuchora, kwa kila chombo kilicho karibu, jumla ya mielekeo na kasi zote ambazo meli yake ikizichagua itagongana nacho au kukikaribia kupita kiasi, kisha kuzifuta hizo zote, na katika zile zinazobaki kuchagua inayoiondoa meli njiani kidogo iwezekanavyo huku akiongeza adhabu kwa kila chaguo linalovunja kanuni, kwa mfano kugeuka kushoto uso kwa uso. Ni njia nzuri, na inafanya kazi. Kasoro yake ni kwamba kompyuta iliyoachiwa itafute njia fupi hupenda kugeuka nyuzi 3 sasa, nyuzi 2 baadaye, na nyuzi 4 tena, kwa usahihi ambao kwa hesabu zake unatosha, wakati Kanuni ya 8 inakataza mfululizo wa mabadiliko madogo kwa sababu nahodha wa chombo cha pili hawezi kuyaona. Kugeuka baharini ni kusema. Anayegeuka nyuzi 30 amesema kwa sauti. Anayegeuka nyuzi 3 amenong'ona, na mwenzake akishindwa kusikia lawama haimhusu mwenzake peke yake.

Gharama ya mnong'ono huo inajulikana. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, karibu na kisiwa cha Nantucket pwani ya Marekani, meli ya abiria ya Italia Andrea Doria iliyokuwa ndani ya ukungu na meli ya Sweden Stockholm zilionana kwenye rada zikiwa bado mbali. Ile ya Italia iliamini kwamba zitapishana kulia kwa kulia na ikajisogeza kushoto nyuzi 4 tu ili kuongeza nafasi. Ile ya Sweden ilikuwa inajiandaa kupishana kushoto kwa kushoto na ikageuka kulia. Watu 51 walikufa, na Andrea Doria ilizama asubuhi iliyofuata. Rada zilikuwa nzima. Kila meli ilikuwa imechagua mkono wake na kuamini kwamba ndio mkono wa wote wawili, kama malori mawili yanayokutana Kasumbalesa katikati ya vizuizi.

Ukungu wenyewe ni mpaka, na ndani ya kanuni umewekewa alama. Vyombo vinavyoonana kwa macho vina utaratibu wa anayepisha na anayeshika njia. Vyombo visivyoonana kwa sababu ya ukungu, mvua au vumbi huhamia Kanuni ya 19, ambamo hakuna mwenye haki ya kushika njia, wote hupunguza mwendo, na kwa Kanuni ya 35 chombo cha injini kinachosonga hupiga honi mlio mmoja mrefu angalau kila dakika 2. Kinachoamua ni utaratibu upi unaotumika ni kuonana kwa macho, na hapo panazuka swali ambalo lingekuwa la kifalsafa kama lisingekuwa na maiti upande wa pili. Kamera ya meli isiyo na mtu, inayoona joto na hivyo kupenya giza ambalo jicho halipenyi, je, "inaona"? Ikiwa inaona, meli hiyo itatenda kama iliyo mahali peupe na kushika njia yake, wakati mwenzake mwenye nahodha wa nyama na damu yumo ukunguni, hamwoni mtu, na anafuata Kanuni ya 19. Vyombo hivyo viko mita mia chache mbali na viko katika sheria mbili tofauti.

Mpaka mwingine umefichwa ndani ya Kanuni ya 17, ambayo wanafunzi wa vyuo vya ubaharia huichukia kwa haki. Chombo kinachoshika njia kinapaswa kwanza kutulia, kisibadili mwelekeo wala kasi, ili anayepisha ajue anapisha nini. Kisha, inapodhihirika kwamba anayepisha hapishi, kinaruhusiwa kuchukua hatua. Na mwishowe, vyombo vinapokuwa karibu kiasi kwamba hatua ya mmoja peke yake haitoshi, kinalazimika kuchukua hatua. Wajibu wa kutulia unageuka ruhusa ya kusogea, na ruhusa inageuka wajibu wa kusogea, na hakuna mahali palipoandikwa ni saa ngapi. Nahodha huhisi mpaka huo kwa yale anayoyaona: mwenzake hajajibu milio mitano mifupi ya honi, ambayo maana yake ni "sielewi unachokusudia", na hakuna mtu anayeonekana kwenye roshani ya usukani. Kompyuta hupewa kizingiti, tuseme dakika kadhaa kabla ya kukutana, na kwa nukta moja huhama kutoka utulivu kamili kwenda hatua kamili, jambo ambalo kwa aliye upande wa pili hufanana na dereva aliyezinduka usingizini.

Pamoja na hayo, si haki kuzungumza kana kwamba meli hizi ni ndoto. Tarehe 3 Desemba 2018 kivuko Falco nchini Finland kilivuka kutoka Parainen hadi Nauvo bila mtu kugusa usukani, kikikwepa vizuizi na kufunga gati chenyewe, na kikarudi kikiongozwa na nahodha aliyeketi ofisini Turku, kama kilomita 50 kutoka hapo. Mwaka 2022 Wajapani waliipeleka meli ya makontena Suzaku kutoka Ghuba ya Tokyo, mojawapo ya njia zenye msongamano mkubwa duniani, hadi Tsumatsusaka na kurudi, safari ya kama kilomita 790 ambayo karibu yote iliendeshwa na kompyuta huku mabaharia wakiwa chomboni. Mwaka huohuo meli ya umeme Yara Birkeland, yenye urefu wa mita 80 na nafasi ya makontena 120, ilianza kubeba mbolea kutoka Porsgrunn hadi Brevik nchini Norway, ikiwa na mabaharia wa kuisimamia na mpango wa kuwapunguza hatua kwa hatua. Wenye meli hiyo walisema ingeondoa barabarani hadi safari 40,000 za malori kwa mwaka, tarakimu ambayo mtu aliyepata kusimama kwenye foleni ya Kasumbalesa anaweza kuisoma kwa wivu au kwa hofu, kutegemea kama ana mzigo au ana leseni ya udereva.

IMO, kwa upande wake, iligawa meli hizo katika ngazi nne: meli yenye mabaharia wanaosaidiwa na mitambo, meli inayoongozwa kutoka mbali lakini yenye mabaharia, meli inayoongozwa kutoka mbali bila mabaharia, na meli inayoamua yenyewe kila kitu. Mwezi Mei 2021 ilikamilisha kazi ya kupitia mikataba yake kuona ni wapi inagongana na ngazi hizo, na ratiba yake ikaelekeza kwamba kanuni za hiari zitangulie mwaka 2026 na zile za lazima zianze kutumika tarehe 1 Januari 2032. Katika mijadala hiyo lilikubalika jambo moja lenye uzito, kwamba kila meli, hata isiyo na mtu ndani, lazima iwe na nahodha ambaye ni binadamu na anayewajibika, hata kama ameketi nchi kavu.

Nahodha huyo wa nchi kavu ndiye dereva aliyeketi upande usio wake. Anachokijua kuhusu bahari hukijua kwa kuambiwa na kamera, rada na vipaza sauti, kama dereva anavyoambiwa na utingo, na kila anachokiamuru hupita angani kabla ya kufika. Setilaiti zilizosimama juu ya ikweta ziko kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, kwa hiyo amri ikienda na jibu likirudi karibu nusu sekunde imekwisha hata kama kila mtambo umefanya kazi bila kigugumizi. Nusu sekunde si kitu kwa meli inayohitaji kilomita kadhaa kusimama. Kitu ni ule wakati ambao kompyuta, baada ya saa tano za safari tulivu, inapiga kengele na kusema hali hii siiwezi, chukua wewe, na binadamu aliyekuwa akinywa chai lazima kwa dakika mbili ajue vyombo vingapi viko karibu, nani anapisha, nani anapishwa, na kompyuta ilikuwa imekwisha ahidi nini kwa mwenendo wake.

Kuhusu hatari ya kukabidhiana usukani hakuna haja ya kubuni mfano. Alfajiri ya tarehe 21 Agosti 2017, karibu na Singapore, manowari ya Marekani USS John S. McCain iligeuka ghafla kushoto na kuingia mbele ya meli ya mafuta Alnic MC, na mabaharia 10 wakafa. Muda mfupi kabla ya hapo kamanda alikuwa ameona kwamba baharia mmoja analemewa na usukani na kasi kwa pamoja, akaamuru kazi zigawanywe, kasi ihamishiwe kwenye meza ya jirani. Katika kuhamisha huko kwa kugusa vioo, usukani nao ukahama bila aliyekuwa akiushika kujua, akatangaza kwamba usukani umepotea, na katika mkanganyiko huo injini ya upande mmoja ikapunguzwa kasi wakati ya pili ikiendelea. Usukani haukuwa umepotea. Ulikuwa meza ya pili, hatua chache kutoka hapo, mikononi mwa mtu asiyejua kwamba anao. Baada ya uchunguzi, jeshi la wanamaji la Marekani liliamua kurudisha vishikio vya mkono vya kudhibiti kasi mahali pa vioo vya kugusa katika meli za aina hiyo. Ikiwa umbali wa meza mbili ulitosha kuupoteza usukani, umbali wa kutoka ofisi ya nchi kavu hadi baharini si jambo la kudharau.

Wahandisi wanajibu kwamba meli iliyokatika mawasiliano haitaachwa hivihivi, itahamia katika hali ya akiba iliyopangwa kabla, yaani itapunguza mwendo, itasimama, itatia nanga au itaendelea hadi mahali palipo wazi. Katikati ya bahari jibu hilo linatosha. Katika mkondo mwembamba wa bandari kusimama ni sawa na kuegesha lori katikati ya vizuizi viwili, tena lori linalosukumwa na maji.

Mkondo wa namna hiyo haupo mbali na shaba ya Katanga. Meli inayoipakia Dar es Salaam hutoka baharini kupitia mlango mwembamba, Magogoni upande mmoja na Kigamboni upande wa pili, na mlango huohuo hukatizwa na vivuko vinavyobeba watu, magari, baiskeli na mikokoteni kutwa kucha, huku boti na ngalawa zikiingia na kutoka soko la samaki la Feri. Tuseme kivuko kinatokea kulia kwa meli. Kanuni ya 15 ikisomwa peke yake inaiambia meli ipishe. Kanuni ya 9 inasema chombo kisikatize njia nyembamba ikiwa kitaizuia meli ambayo haiwezi kupita salama nje ya njia hiyo, kwa hiyo kivuko ndicho kinachopaswa kungoja. Kanuni ya 8 inaongeza kwamba meli hiyo isiyopaswa kuzuiwa bado ina wajibu wote wa kawaida pale hatari ya mgongano inapotokea. Mwanasheria akizisoma zote tatu huona mpangilio wa busara. Mwandishi wa programu huona amri tatu zinazovutana, na hapo bado hajaiweka ngalawa yenye tanga, ambayo kwa Kanuni ya 18 hupishwa na vyombo vya injini, lakini kwa Kanuni ya 9 haipaswi kuizuia meli mkondoni. Kanuni za kupishana ziliandikwa kwa vyombo viwili viwili. Vikiwa vitatu, wa kwanza anaweza kutakiwa atulie kwa ajili ya wa pili na asogee kwa ajili ya wa tatu, na jibu huwa halimo katika kitabu.

Jibu limo katika macho ya watu wanaofahamiana. Nahodha wa kivuko huiona meli ingali gatini, huona matagi yakiivuta na rubani wa bandari akiwa juu, na huamua kama safari moja zaidi inawezekana au abiria wavute subira. Rubani naye, anayezijua tabia za vivuko vile na za wavuvi wa pale, huita kwa redio, hupiga honi, na hupunguza mwendo kabla hajalazimika. Hakuna anayehesabu nyuzi. Kuna pia mito ambayo hata ramani yake haikai: katika mlango wa mto Kongo, kati ya Banana na Boma, mafungu ya mchanga huhama, na njia ya meli za kwenda Matadi lazima ipimwe na kuwekewa maboya upya mara kwa mara, hivi kwamba ramani ya jana katika kompyuta inaweza kuwa jangwa la leo. Katika maziwa, kwa upande wao, kanuni za mwaka 1972 hazina hata uwezo wa moja kwa moja, kwa kuwa Kanuni ya 1 inazifunga kwenye bahari kuu na maji yaliyoungana nayo yanayopitika kwa meli za baharini. Tanganyika na Mweru hubaki chini ya sheria za nchi zinazoyazunguka, nchi nne kwa lile la kwanza na mbili kwa la pili, na atakayeleta boti isiyo na nahodha Kalemie atakuta mpaka mwingine tena, majini, usio na kizuizi.

Vyombo vidogo ndivyo vinavyoipima mitambo hii kwa ukali kuliko vingine. Mfumo wa utambulisho wa meli unaojulikana kwa kifupi AIS, ambao hutangaza kwa redio jina la chombo, mahali kilipo na mwendo wake, ni wa lazima kwa meli zenye ujazo wa tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa na kwa meli za abiria, lakini ngalawa ya mvuvi haina. Mbao na tanga la nguo huirudishia rada mwangwi hafifu unaochanganyika na mawimbi. Na taa za ubavuni mara nyingi hazipo. Waandishi wa kanuni walimfikiria mtu huyo. Kanuni ya 25 inasema kwamba chombo cha tanga kisichofikia mita 7, na chombo cha makasia, kikishindwa kuwa na taa zilizoamriwa, kiwe na kurunzi au taa nyeupe karibu na mkono, na taa hiyo ionyeshwe kwa wakati wa kutosha kuzuia mgongano. Sentensi hiyo haikusema nani ataiona, kwa kuwa mwaka 1972 hapakuwa na haja ya kusema.

Kwa hiyo nje ya Dar es Salaam usiku, mvuvi anayeona meli ikimjia huinua kurunzi na kulimulika tanga, ili weupe wake uonekane mbali. Kwa kamera iliyo juu ya meli hiyo, mwanga huo ni nukta nyeupe inayotokea na kupotea mbele ya mamia ya taa nyeupe za mji, isiyo na mwangwi kwenye rada wala jina kwenye AIS, na programu inapaswa kuamua kama ni nyota iliyo chini, taa ya nyumba ya Kigamboni au mtu. Mvuvi, mkono mmoja ukiwa na kurunzi na mwingine ukiwa usukanini, anaziangalia taa mbili za meli, nyekundu na kijani, zikiwa bado zinaonekana zote, akingoja mojawapo izimike.